Korongo lilipofika makaburini

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Kondoa

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mwenye kuteremsha mvua kwa kipimo na kuituliza ardhini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake wote.

Asubuhi moja katika msimu wa mvua, tulipokuwa tukitoka katika swala ya Alfajiri, mzee mmoja miongoni mwa waumini wetu alinishika mkono mlangoni mwa msikiti. "Ustadh," aliniambia, "kabla hujafungua hilo daftari lako, njoo kwanza uone." Tulishuka pamoja hadi makaburini, ambayo yako juu ya ukingo wa kijito kinachopita nyuma ya msikiti wetu. Mvua ya usiku ilikuwa imeumega ukingo ule kama mtu anavyomega mkate. Katika ukuta wa udongo mwekundu uliobaki wima, chini kidogo ya kimo cha mtu, ilichomoza ncha ya mti. Ulikuwa mti wa mwanandani.

Mzee hakuongeza neno, wala hakukuwa na haja. Kaburi lile lilikuwa la dada yake.

Siku ile ile tulishauriana na sheikh wetu, tukalihamisha kaburi hilo pamoja na jingine lililokuwa jirani yake. Sheria haikutuacha gizani katika jambo hili. Imam Malik amepokea katika Muwatta habari ya Amr bin al-Jamuh na Abdullah bin Amr, Maansari wawili waliouawa mashahidi Uhud na kuzikwa katika kaburi moja. Mafuriko yalilichimba kaburi lao, nao wakahamishwa miaka 46 baada ya vita vile. Basi tulifanya yaliyopasa, tukaomba dua, tukarudi nyumbani. Lakini swali lilibaki vifuani mwetu: ni nani aliyeumega ukingo ule?

Wengi tulisema ni mvua. Mimi pia nilisema hivyo, hadi nilipolifungua daftari la kamati.

RISITI ZENYE SAHIHI YANGU

Msikiti wetu una kiwanja cha waqfu, alichokitoa Muislamu mmoja aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Kiwanja hicho kimepakana na kijito, hatua chache chini ya makaburi. Kwa misimu mitatu ya kiangazi kamati yetu iliruhusu malori kuingia humo na kuchota mchanga, kila tripu kwa malipo yake. Fedha tulizitumia kupiga plasta mnara. Hakuna aliyeiba wala aliyeficha. Kila tripu ina risiti, na kila risiti ina sahihi yangu.

Tulidhani kwamba kuchota mchanga chini ya makaburi hakuwezi kuyadhuru makaburi yaliyo juu, kwa kuwa maji huteremka wala hayapandi. Hapo ndipo tulipokosea. Maji kweli huteremka, lakini shimo hupanda. Mchanga unapoondolewa katika sakafu ya kijito, hutokea kingazi mahali pale. Maji ya mvua yakifika kwenye kingazi hicho huanguka kwa nguvu na kukichimba, na kingazi husogea nyuma kuelekea juu ya kijito, msimu baada ya msimu. Kinapopita, sakafu ya kijito hushuka, kingo hubaki ndefu na wima bila cha kuziegemeza, kisha huporomoka. Kijito chembamba chenye majani kandokando huwa korongo.

Na hasara haiishii kwenye ukingo. Maji yaliyo chini ya ardhi hufuata kimo cha sakafu ya kijito. Sakafu ikishuka, maji nayo hushuka, na visima vifupi vilivyo jirani hukauka mapema. Mikuyu na mikwaju ya kandokando hukosa maji kwenye mizizi. Vyura hukosa madimbwi ya kutagia, ndege hukosa matete ya kujengea viota, na akina mama na watoto wa kike hukosa usingizi, kwa sababu ndio wanaoamka mapema kwenda kuyatafuta maji mbali zaidi.

ARDHI YETU INA HISTORIA

Sisi watu wa Kondoa hatuna udhuru wa kusema kwamba hatukujua. Vilima vya Irangi vimejulikana kwa makorongo yake tangu enzi za wakoloni, ambao waliwalazimisha babu zetu kuchimba matuta na kupunguza mifugo. Wataalamu wa udongo wamethibitisha kwamba mmomonyoko katika vilima hivi ni wa zamani mno, nao umekuwa ukija na kuondoka kwa vipindi. Hata hivyo, mifugo mingi, ukataji wa miti na kilimo cha miteremkoni viliongeza jeraha juu ya jeraha. Mito ikageuka njia pana za mchanga mtupu, na udongo wa miteremko ukateremkia mabondeni na kuelekea Ziwa Haubi.

Mwaka 1973 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wazee wetu wanaujua kwa jina la HADO. Mwanzoni zilitumika mashine kuchimba matuta, na miti ilipandwa. Kisha mwaka 1979 ikatoka amri nzito: mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wanaokadiriwa kufikia 90,000 walitolewa.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho hadi leo. Katika miaka michache majani yalirudi, vichaka vikafuata, na miti ya miombo ikachipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyodhaniwa kuwa imekufa. Mito ya mchanga ilipungua upana kwa kuwa majani yaliushika mchanga, na watu wakapata kulima mahali palipokuwa jangwa. Funzo lake ni kubwa: ardhi ikipumzishwa, Mola wake huiponya hata pale mkono wa binadamu haukupanda kitu.

Lakini wazee hawaisimulii habari hiyo kwa furaha tupu. Waliokuwa na ng'ombe 200 walipata pa kuwapeleka, kwa jamaa au kwenye mbuga za mbali. Aliyekuwa na mbuzi wawili hakuwa na pa kuwapeleka. Samadi ilitoweka mashambani, na maziwa yakawa adimu mezani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ulipoanza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani na kukatiwa majani. Ardhi ilipona, lakini gharama ya dawa haikugawanywa kwa usawa. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu nasi lilitukuta.

ASILI NA MATUNDA

Tulipokutana kama kamati, nilisoma hesabu ya mchanga tangu mwanzo hadi mwisho, kisha nikawakumbusha wajumbe tulichosomeshwa kuhusu waqfu. Umar bin al-Khattab (RA) alipopata ardhi huko Khaybar alimwendea Mtume (SAW) kumtaka shauri. Mtume alimwelekeza aizuie asili ya ardhi ile na ayatoe sadaka matunda yake. Umar akafanya hivyo, kwa sharti kwamba haitauzwa, haitatolewa zawadi wala haitarithiwa. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim, nayo ndiyo msingi wa mlango wa waqfu: asili hubaki, manufaa hutumika. Nikauliza: je, tripu tulizoziuza zilikuwa matunda ya kiwanja, au zilikuwa kiwanja chenyewe?

Mjumbe mmoja alijibu kwa hoja yenye nguvu. Alisema mchanga huletwa na mvua kila mwaka, hivyo ni tunda kama embe, na anayechuma embe hajaukata mwembe. Ni haki kukiri kwamba kwa muda hakuna aliyekuwa na jibu. Ndipo mzee yule yule, ambaye si mjumbe wa kamati bali aliketi mlangoni akisikiliza, alipotuomba twende tukautazame msingi wa kivuko cha zamani.

Kivuko hicho cha zege kiko ndani ya kiwanja chetu. Kilipojengwa, msingi wake ulifunikwa na mchanga. Siku ile tuliukuta ukining'inia, na mtoto angeweza kupita chini yake kwa kuinama. Jibu likawa limeandikwa mbele yetu. Ni kweli kwamba mvua huleta mchanga, na kiasi kinacholetwa ni tunda. Lakini tulikuwa tumechota zaidi ya kilicholetwa, na hiyo ziada ilikuwa asili. Anayekamua maziwa na kuendelea kukamua hadi ikatoka damu hawezi kusema kwamba bado anakunywa maziwa.

Tuliazimia kwa kauli moja kuyasimamisha malori. Mnara wetu hadi leo una plasta nusu. Mgeni akiuliza sababu, tunamwonyesha kijito.

HIMA, NA NANI ALIPE

Kusimamisha malori hakukutosha. Kiwanja kilihitaji kupumzishwa, kisikanyagwe na mifugo wala kukatwa miti. Uislamu una jina la jambo hili. Hima ni ardhi inayozuiwa kwa maslahi ya wote. Kabla ya Uislamu, wakubwa wa Waarabu walijizuilia malisho mazuri kwa ajili ya wanyama wao wenyewe. Mtume (SAW) aliliondoa hilo na kubainisha kwamba hakuna hima isipokuwa ya Allah na Mtume Wake, naye akaihifadhi Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Pia aliiharimisha Madina, miti yake isikatwe wala wanyama wake wasiwindwe.

Lakini somo lililotugusa zaidi ni la Sayyidna Umar, alipomweka huria wake aitwaye Hunayy kuwa msimamizi wa hima. Kwa mujibu wa Bukhari, alimwagiza awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Kisha akamwamuru awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe macho na wanyama wa Ibn Awf na Ibn Affan. Sababu aliyoitoa ni kwamba matajiri wale wanyama wao wakifa wana mitende na mashamba ya kurejea, ilhali maskini wanyama wake wakifa atakuja na watoto wake kuomba msaada wa Khalifa. Ibn Awf na Ibn Affan ni Abdulrahman na Uthman, wawili miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo. Umar hakuwatuhumu kwa lolote. Alipima tu ni nani anayeweza kuubeba mzigo.

Nasi tukajitazama. Walioumia kwanza kwa uamuzi wetu walikuwa vijana waliopakia mchanga kwa koleo. Hawakuwa na shamba wala duka. Kamati iliyopokea fedha ilikuwa na nafuu kuliko wao. Tukaamua kwamba fedha za ujenzi zilizobaki zilipwe kwa vijana hao hao kama ujira wa kukitibu kijito kwa kiangazi kimoja. Kuhusu majani ya kiwanja, tuliamua yakatwe kwa mkono tu, na haki ya kwanza iwe ya wajane na wenye mfugo mmoja au wawili. Muumini mmoja mwenye kundi kubwa, ambaye pia ni mchangiaji wetu mkubwa, alizuiwa kuingiza ng'ombe wake. Alikasirika, na mchango wake ulipungua. Hatukumsema vibaya, wala hatukuacha kumtolea salamu.

JINSI KIJITO KINAVYOTIBIWA

Tiba yenyewe haihitaji mashine. Inahitaji mawe, miti, mikono na subira. Nitaieleza kwa ufupi kwa ajili ya kamati na familia zenye tatizo kama letu.

Kwanza, anzeni juu. Maji yanayobomoa korongo hukusanyika miteremkoni, hivyo matuta yanayofuata usawa wa mlima na mistari ya majani ndiyo huyapunguzia mwendo. Tuliwaendea majirani wenye mashamba juu yetu, Waislamu na Wakristo, tukachimba pamoja. Tulikumbuka hukumu ya Mtume (SAW) baina ya Zubayr na Ansari aliyegombana naye juu ya mfereji wa Harra: aliye juu hutangulia kumwagilia, lakini baada ya kupata haki yake humwachia maji jirani yake. Kuwa juu kunampa mtu zamu ya kwanza, na pamoja nayo amana ya walio chini.

Pili, wekeni vizuizi vidogo vya mawe ndani ya korongo, vingi na vifupi, wala si kimoja kirefu. Kila kizuizi kizikwe vizuri kwenye sakafu na kwenye kingo zote mbili, na katikati yake pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati. Vizuizi vyetu viwili vya mwanzo tulivijenga juu sawasawa kama ukuta wa nyumba. Mvua ya kwanza ilizunguka pembeni na kumega ukingo upya. Tulivijenga tena. Mchanga ukinaswa nyuma ya kizuizi, sakafu hupanda, na mchanga ule huhifadhi maji ndani yake kama sifongo.

Tatu, vikeni nguo kingo. Matete na majani yenye mizizi mingi hutangulia, kisha miti ya asili. Mkuyu hushika hata kwa kupandikiza tawi nene, na matunda yake huwavuta ndege, ambao nao huleta mbegu za miti mingine bila kulipwa. Mikaratusi iwe mbali na maji, kwani hunywa sana.

Nne, fuateni utaratibu wa nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za binadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Wanazuoni wetu nao wamezungumzia harimu ya kisima na mto, yaani eneo linalozunguka maji lisilomilikiwa na mtu kwa namna ya kuyadhuru maji hayo. Tulipolifikisha jambo letu serikali ya kijiji, tuliona kwamba sheria hizi mbili zinasukuma upande mmoja.

WALIORUDI

Imepita misimu miwili ya mvua. Nitasema niliyoyaona bila kuyapamba. Mchanga umejaa nyuma ya vizuizi vingi, na msingi wa kivuko umeanza kufunikwa. Zamani kufikia Julai mtu alichimba mchangani na kukosa maji. Mwaka jana Septemba walichimba kwa mikono wakayapata. Vyura wamerudi, na baada ya swala ya Isha sauti zao zinasikika hadi barazani. Mnana wamening'iniza viota juu ya dimbwi, mdiria ameonekana akivizia visamaki, na asubuhi zipo nyayo za kanga na digidigi kwenye mchanga mbichi.

Wamerudi pia wasioalikwa. Ngedere wanavunja mahindi, na nguruwe pori wanafukua viazi. Katika kijiji cha Waislamu nguruwe pori ni hasara isiyo na fidia, kwani hata nyama yake hatuigusi. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mazao, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi ni sadaka kwake. Hadithi hiyo humfariji aliyepatwa. Haimpi jirani yake ruhusa ya kulala wakati shamba la mjane linaliwa. Kwa hiyo tumeweka zamu za kulinda usiku, na zamu hizo zinaanzia kwa wanakamati, kwa kuwa sisi ndio tuliovirudisha vichaka.

Ndugu zangu Waislamu, misikiti mingi nchini ina viwanja vya waqfu kandokando ya mito, na kamati nyingi zina haja ya fedha kama yetu. Kabla ya kutia sahihi risiti ya mchanga, ya matofali au ya miti, nendeni kwanza mkaitazame sakafu ya mto. Pigeni nondo, muweke alama, mrudi baada ya mvua. Ikiwa alama imebaki mahali pake, mmekula matunda. Ikiwa imebaki juu hewani, mmeila asili, na aliyeweka waqfu ana haki ya kuwadai Siku ya Kiyama. Wafundisheni watoto jambo hilo kwa kuwapeleka mtoni, kwa maana mtoto haelewi waqfu wa kwenye daftari kama anavyoelewa maji anayoyakuta mchangani.

Mzee yule bado huja kila siku kabla ya adhana ya Alasiri. Hubeba ndoo ya maji yaliyokwisha tumika kutawadhia, akateremka nayo taratibu hadi chini ya ukingo ulipokuwa umemegeka. Hapo amepandikiza matawi matatu ya mkuyu. Mawili yameshika. La tatu limekauka, na ameniomba nimtafutie jingine kabla ya mvua.

Wabillahi tawfiq.